Maswali ya Wasomaji: Alama ya Vidole Vitatu kwenye Jiwe la Manyovu

SWALI

Mwakeye, ndugu wahariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika wilaya ya Buhigwe, si mbali na Manyovu. Mwezi uliopita wazazi walikuwa wakipasua mawe ya msingi wa darasa jipya, na bamba moja la jiwe jekundu lilipofunguka tuliona juu yake alama iliyobonyea yenye vidole vitatu, mfano wa unyayo wa ndege mkubwa sana. Nimeipima kwa rula ya darasani: urefu sentimita 19, upana sentimita 16, na kina hakizidi sentimita moja na nusu. Katika bamba hilohilo kuna alama nyingine mbili zinazofanana nayo, ingawa hazikukamilika. Ya pili iko sentimita 40 kutoka ya kwanza, na ya tatu iko karibu mita 2 mbele, tena imeelekea upande mwingine. Pembeni mwa bamba kuna mikunjo midogo kama ile ya mchanga wa ufukweni. Watoto wanasema ni dinosaria. Tayari wamekuja watu wawili wanaosema kwamba hiyo ni alama ya Mjerumani, na kwamba tukiwaruhusu walivunje watatugawia kitakachopatikana chini yake. Nimewazuia, lakini uongozi wa kijiji unataka jibu. Nimeambatanisha picha tano. Je, ni unyayo? Na tufanye nini?

Mwalimu, Buhigwe, Kigoma

JIBU

Mwalimu, tunakushukuru kwanza kwa kuwazuia watu hao, na pili kwa kupima. Barua za namna hii kwa kawaida huja na picha moja iliyopigwa saa sita mchana, bila kipimo chochote, na mwenye barua akitaka tu tumthibitishie anachokiamini. Wewe umetuletea vipimo, mwelekeo wa kila alama na hali ya jiwe lenyewe, na ni mambo hayo, kuliko umbo la vidole, yanayotuwezesha kukujibu bila kubahatisha. Jibu letu ni kwamba alama hizo karibu kwa hakika si nyayo za mnyama yeyote. Tunajua kwamba jibu hili litawahuzunisha watoto wako, kwa hiyo tunaomba utuvumilie tueleze njia tuliyopita mpaka tukalifikia, maana kilichomo katika bamba hilo ni cha kale kuliko unyayo wowote wa mnyama mwenye vidole uliowahi kupatikana duniani.

Tuanze na umri wa jiwe, kwa kuwa hilo ndilo swali linalotangulia mengine yote na ndilo linalosahauliwa mara nyingi zaidi. Mawe mekundu ya mchanga na tope yanayoonekana katika nchi ya Manyovu ni miamba mashapo, yaani miamba iliyotokana na mchanga na matope yaliyotandazwa na maji, tabaka juu ya tabaka, kisha yakagandamizwa mpaka yakawa mawe. Wanajiolojia huyaweka katika kundi moja na miamba ya kale inayotapakaa magharibi mwa nchi yetu kuelekea Bukoba, na hukadiria kwamba yana umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Wakati huo hapakuwapo mnyama hata mmoja mwenye miguu ya vidole aliyetembea juu ya nchi kavu. Nyayo za kale kabisa zinazofahamika za wanyama wenye miguu minne, zile za Zachełmie nchini Poland zilizotangazwa mwaka 2010, zina umri wa miaka karibu milioni 390, na dinosaria walitokea baadaye zaidi, miaka kama milioni 230 iliyopita. Kwa maneno mengine, tope la bamba lenu lilikuwa limekwisha kufukiwa kwa zaidi ya miaka milioni 100 kabla ya mnyama wa kwanza mwenye vidole kuacha alama ya mguu wake popote tunapopajua.

Watoto wakiuliza dinosaria wa Tanzania wako wapi, swali hilo lina majibu mazuri. Kilima cha Tendaguru katika mkoa wa Lindi kilichimbwa na Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, na mifupa iliyotoka huko, yenye umri wa miaka karibu milioni 150, ilibebwa mpaka Berlin, ambako mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho hadi leo. Huku kwetu magharibi, bonde la Rukwa limetoa dinosaria aliyepewa jina la Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014. Wanyama hao walipatikana huko kwa sababu mashapo ya Tendaguru na ya Rukwa yalitandazwa wakati wao wakiwa hai. Mtu hutafuta dinosaria katika jiwe la zama za dinosaria, na jiwe la Manyovu si la zama hizo.

Hata hivyo, hatupendi kuegemea umri peke yake, kwa kuwa mtu anaweza kukosea kutambua jiwe, nasi tumeliona katika picha tu. Kwa hiyo tuliiangalia alama yenyewe, na hapa inafaa kuelewa kwanza unyayo hutokeaje. Mguu hauchori, bali husukuma. Mnyama akikanyaga tope lenye unyevu wa kutosha, uzito wake hulisukuma tope hilo chini na pembeni, na kwa sababu hiyo unyayo wa kweli huacha dalili zaidi ya umbo. Ukingo wake huinuka kidogo pale tope lilipobanwa likakosa pa kwenda. Chini yake, matabaka membamba hupinda kufuata mguu, wakati mwingine matabaka kadhaa kwenda chini, kiasi kwamba jiwe likipasuka katika tabaka la chini mtu anaweza kuona kivuli cha unyayo mahali ambapo mguu wenyewe haukufika kamwe. Na mara nyingi upande wa chini wa bamba lililolifunika tope hilo hubeba umbo lilelile likiwa limetokeza badala ya kubonyea, mfano wa andazi na chombo lililoumuliwa ndani yake. Katika picha yako ya tatu, ile uliyoipiga ubavuni mwa jiwe, tunaona wazi kwamba matabaka hayakupinda. Yamekatwa wima, na mkato huo ni mpana juu na mwembamba chini, kama kabari.

Dalili ya pili ni mwendo. Mnyama aliyepita hakukanyaga mara moja akaruka angani. Alikanyaga kushoto, akakanyaga kulia, akakanyaga tena kushoto, na hatua zake zina mpangilio unaolingana na urefu wa miguu yake. Alama mbili hutupatia hatua moja tu. Zikiwa tatu ndipo tunaweza kuanza kuuzungumzia mwendo, na ndiyo maana tulifurahi kwamba hukuishia kwenye ile moja nzuri. Kuna kanuni iliyopendekezwa mwaka 1976 na mwanasayansi R. McNeill Alexander, inayosema kwamba urefu wa mguu wa dinosaria kutoka ardhini mpaka nyonga hukaribia mara nne ya urefu wa unyayo wake. Tukiitumia kwa alama yenu ya sentimita 19, tunapata mnyama mwenye nyonga iliyo sentimita 76 kutoka ardhini, yaani kiumbe anayemfikia mtu mzima chini kidogo ya kiuno. Kiumbe huyo angepigaje hatua ya sentimita 40, kisha hatua inayofuata iwe ya karibu mita 2, tena vidole vikiwa vimegeukia upande mwingine? Mnyama anaweza kusimama, kugeuka au kuteleza, na hatusemi kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa. Lakini msururu wa namna hiyo unahitaji ushahidi mzito wa kuutetea, na katika bamba lenu hatuuoni.

Basi ni nini? Mwalimu, bila shaka umewahi kuliona shamba la mpunga la bonde la Luiche maji yanapokauka, au kidimbwi cha wafyatua matofali mwishoni mwa kiangazi. Tope likikauka husinyaa, na likisinyaa hupasuka. Ufa hauanzi kama mtandao kamili wa vipande vyenye pembe nyingi. Mara nyingi huanzia kwenye nukta moja dhaifu na kutoa matawi matatu yanayoachana kwa pembe zinazokaribia kulingana, kwa sababu hiyo ndiyo njia rahisi ya tope kuachia mkazo unaolivuta kutoka pande zote. Mvua ikirudi mapema, au maji yakipanda kabla nyufa hazijaungana, zile nyota za matawi matatu hubaki zimetawanyika, kila moja peke yake, na kila moja inafanana na mguu wa ndege. Mchanga huzijaza na tabaka jipya huzifunika. Baada ya muda usiopimika kwa maisha ya binadamu, jiwe linapasuliwa na wazazi wa shule yenu, mchanga ule unamomonyoka upesi kuliko tope lililouzunguka, na alama ya vidole vitatu inajitokeza. Kwa maoni yetu hicho ndicho mlichokipata. Mikunjo uliyoiona pembeni inatuunga mkono, kwani hiyo ni alama ya mawimbi madogo ya maji ya kina kifupi, mahali palepale ambapo tope lingeweza kuachwa wazi likauke.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe, na tungependa ufanye hivyo pamoja na wanafunzi wa madarasa ya juu. Subirini jua la asubuhi au la jioni, wakati mwanga unalilamba jiwe kwa ubavu, kwa sababu jua la utosini hufuta kila kivuli na kila ukingo. Wekeni rula kando ya alama, si juu yake, mpige picha kamera ikiwa imeelekezwa chini wima, kisha mzunguke na kupiga nyingine nyingi zinazopishana kidogo, ili mtaalamu akitaka aweze kuzitumia kuunda umbo lake lote katika kompyuta. Halafu mwageni maji safi kidogo juu ya bamba, myaangalie yanavyokauka. Mchanga uliojaza ufa na tope lililogeuka jiwe havinywi maji kwa kasi moja, na kwa dakika chache mistari ambayo jicho halikuiona itaonekana. Ikiwa mtaona kwamba moja ya vile vidole inaendelea, nyembamba kama uzi, mpaka inakutana na ufa mwingine, hapo shauri litakuwa limekwisha, kwa kuwa hakuna mnyama ambaye kidole chake kimeungana na kidole cha unyayo mwingine. Msitumie chaki kuzizungushia alama hizo, wala msizikwangue kwa msumari ili zionekane vizuri. Mkono unaochora hufuata kile ambacho moyo unataka kukiona, na baada ya hapo hata mtaalamu hawezi tena kujua jiwe lilikuwaje.

Kuhusu hao watu wawili, tunasema kwa uzito wote tulio nao: wasiruhusiwe. Katika mikoa ya Kigoma na Tabora, ambako reli ya Wajerumani ilipita na kufika Kigoma mwaka 1914, imani kwamba kila alama iliyo juu ya mwamba inaelekeza kwenye mali iliyofukiwa na Wajerumani imewafanya watu kuvunja majabali, kuchimba chini ya mizizi ya miembe ya kale na kuharibu makaburi. Bamba lenu lilikuwa ndani ya mwamba mpaka siku wazazi walipolipasua, na hakuna Mjerumani, wala mtu mwingine, aliyewahi kuuona uso wake kabla ya siku hiyo. Hoja hiyo moja inatosha kuwajibu, nanyi mnaweza kuitoa mbele ya mkutano wa kijiji.

Andikeni mahali hasa bamba lilipotoka, na kama simu ina uwezo wa kuonyesha majira ya nukta, yaandikeni hayo pia. Mpelekeeni taarifa afisa utamaduni wa wilaya, na nakala ya picha zote mnaweza kuituma kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma. Wakishaliona na kuridhika, tungependelea bamba hilo libaki shuleni, mahali penye paa, lisiwekwe kwenye msingi wa darasa. Ni ufuko wa maji uliokauka kwa jua wakati nchi kavu yote haikuwa na jani wala mdudu, na mtoto wa Buhigwe anaweza kuugusa kwa mkono wake.

SWALI

Wahariri, shikamooni. Ninaishi katika kijiji kimoja nje ya mji wa Tabora. Juu ya jabali lililo nyuma ya makazi yetu kuna shimo lenye umbo la mguu wa mtu wa kulia, lenye kisigino na sehemu ya vidole, urefu wake sentimita 38. Babu alitufundisha kwamba ni unyayo wa mwindaji wa kwanza aliyefika hapa wakati mawe yakiwa bado laini, na wazee humwaga unga hapo ukame unapozidi. Nimesoma kwamba kule Laetoli, Ngorongoro, zipo nyayo za watu wa kale zilizo katika mwamba. Je, huu wetu unaweza kuwa wa aina hiyo?

Mjukuu, Tabora

JIBU

Marahaba. Tofauti kati ya Laetoli na jabali lenu iko katika jiwe, na tunaomba uisome taratibu.

Nyayo za Laetoli zimo katika majivu ya volkano. Majivu yalianguka, mvua ndogo ikayalowanisha, wanyama na watu wa kale wakapita juu yake, jua likayakausha yakawa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yakayafunika. Nyayo za wanyama zilionekana mwaka 1976, zile za watu wa kale zinazojulikana zaidi zikapatikana mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey, na umri wake ni miaka milioni 3.66. Msururu huo una urefu wa karibu mita 27, na majivu ya hapo yamehifadhi hata vishimo vya matone ya mvua. Mahali pale palikuwa laini kwa muda mfupi sana, kisha pakawa pagumu, na ndani ya muda huo mfupi mtu alipita.

Jabali la Tabora ni la matale, jiwe lile lenye chembe za kung'aa, nyeupe, nyeusi na za waridi, lililotapakaa Unyamwezi yote. Matale hayakuwahi kuwa tope. Yaliganda kutoka katika uji wa moto kilomita kadhaa chini ya ardhi, kwenye joto la mamia ya nyuzi, na nchi ya Tabora imesimama juu ya kitako cha miamba chenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Siku jabali hilo lilipokuwa laini lilikuwa ndani kabisa ya ardhi, na siku lilipofunuliwa juani, baada ya miamba iliyokuwa juu yake kumomonyoka yote, lilikuwa gumu kama lilivyo leo. Kati ya siku hizo mbili hakuna wakati ambao mguu ungeweza kulibonyeza.

Shimo lenyewe linaweza kuwa limetokea kwa njia mbili, na unaweza kuzitofautisha kwa kidole chako. Njia ya kwanza ni maji. Mvua hutuama katika kibonyeo kidogo, chembe za waridi na nyeupe hugeuka udongo polepole, zinazobaki hulegea, upepo na mvua inayofuata huzibeba, na kibonyeo hukua mwaka hadi mwaka. Viwili vikikutana, kikubwa na kidogo, unapata kisigino na wayo. Kibonyeo cha namna hiyo kina chini penye kukwaruza, chembe ngumu zikiwa zimetokeza. Njia ya pili ni mikono ya watu. Wakazi wa kale walisaga nafaka na kunoa zana juu ya majabali, na mahali waliposaga pamelainika kama bakuli la kauri, hata chembe ngumu zimekatwa sawasawa na zile laini. Ukipitisha kidole ukakuta ulaini wa namna hiyo, basi babu alikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa: mtu wa zamani aliacha alama yake hapo, ingawa aliiacha kwa kusaga miaka mingi na si kwa kukanyaga mara moja.

Kwa vyovyote vile, jabali linalomwagiwa unga na wazee wakati wa ukame lina thamani isiyotegemea jibu letu. Yaandike maneno ya babu kama alivyoyasema, kwa Kinyamwezi ikiwezekana, na kama kuna mtu anayepasua kokoto karibu na hapo, mwombe mwenyekiti wa kijiji aweke mpaka.

SWALI

Habari za kazi. Mimi ni mfyatua matofali karibu na Ilagala, upande wa mto Malagarasi. Tukiwa tumechimba kama mita moja na robo tulikuta tabaka la udongo wa kijivu, mgumu, lenye alama nyingi. Nyingine ni kama nusu mbili za mwezi zilizotazamana, nyingine ni pana, za mviringo, zenye vidole vinne. Zote zimejaa mchanga mweupe. Mwenzangu anasema tuzikate tuziuze. Mnasemaje?

Kijana wa Ilagala, Kigoma

JIBU

Kijana wetu, acheni kuchimba upande huo leo hii. Alama zenu, tofauti na zile za barua mbili zilizotangulia, zina kila dalili ya kuwa nyayo za kweli. Nusu mbili za mwezi ni kwato zilizopasuka, za ng'ombe, nyati au mnyama mwingine wa jamii hiyo, na mguu mpana unaokanyagia vidole vinne, katika nchi ya Malagarasi, kwanza kabisa hutukumbusha kiboko. Mchanga mweupe ndani ya udongo wa kijivu unasimulia jinsi zilivyosalimika: wanyama walikanyaga tope la ukingoni, mto ukafurika kabla nyayo hazijafutika, na mafuriko yakaacha mchanga juu yake.

Umri wake haujulikani kwa kutazama. Zinaweza kuwa za mamia ya miaka au za maelfu, na kina cha mita moja na robo kando ya mto unaofurika hakithibitishi lolote. Lakini nyayo haihitaji kuwa na mamilioni ya miaka ili iwe na maana. Kule Engare Sero, karibu na ziwa Natron, zimehifadhiwa zaidi ya nyayo 400 za binadamu zilizoachwa wakati fulani kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita, na wataalamu wamesafiri kutoka mbali kuzisoma. Mkikuta vipande vya mkaa ndani ya tabaka lilelile, viacheni palepale mvionyeshe kwa wataalamu, kwa kuwa mkaa ni mojawapo ya vitu vichache vinavyoweza kupimwa umri wake katika maabara.

Kuzikata na kuziuza hakufai, na si kwa sababu ya sheria tu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa urithi unaolindwa masalia ya wanyama wenye uti wa mgongo yaliyogeuka visukuku, pamoja na alama zao, na uchimbaji wa vitu hivyo unahitaji leseni. Lakini zaidi ya hapo, udongo huo bado si jiwe. Ukikatwa utapasuka, na unyayo uliotengwa na wenzake haumwambii mtu tena mnyama alielekea wapi, walikuwa wangapi, nani alipita kwanza na nani alimkanyagia alama yake. Hata wataalamu wamelihitaji jambo hilo. Nyayo tano za Laetoli zilizoonekana mapema, ambazo baadhi yao walizidhania kuwa za dubu, zilifukuliwa upya mwaka 2019, na mwaka 2021 watafiti wakaeleza kwamba ni za mtu wa kale aliyetembea wima. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu nyayo zilikuwa bado mahali pake.

Kwa hiyo pigeni picha kwa namna tuliyomweleza Mwalimu wa Buhigwe, isipokuwa msimwage maji hata tone, kwa kuwa udongo huu utavimba na kuyeyuka. Msiutoe ule mchanga mweupe uliozijaza, maana ndio unaozishikilia. Tandikeni kitambaa chepesi cha pamba juu ya tabaka, si nailoni, juu yake mwageni mchanga uliochekechwa kiasi cha kina cha kiganja cha mkono, kisha muweke kivuli cha makuti ili jua lisiupasue udongo, na mchimbe mfereji mdogo pembeni ili mvua isituame. Mpeni taarifa mwenyekiti wa kijiji na afisa utamaduni, na muombe ifike Idara ya Mambo ya Kale. Wakati mnasubiri, mtu mmoja apite hapo kila wiki kung'oa miche yote inayoota juu ya mchanga huo. Nyayo za Laetoli zilipofukiwa mwaka 1979 ili zilindwe, mbegu za migunga ziliota ndani ya udongo uliotumika, mizizi ikashuka mpaka kwenye tabaka lenyewe, na katika miaka ya 1990 ilibidi sehemu kubwa ifukuliwe tena, mizizi iondolewe kwa uangalifu mkubwa, na nyayo zifunikwe upya.